Ukiona Wanaoosha Magari, Umepita: Mwongozo Kamili wa Kuunda Misheni za RPG

Shuka steji Kisumu umwulize mtu yeyote njia ya kwenda Dunga, ule ufuo wa wavuvi kando ya ziwa. Hatakutajia jina la barabara, wala hatakuambia ni kilomita ngapi. Atageuka, atanyosha mkono, atakupa vitu vitatu vya kutazama njiani, na mwisho atatia neno ambalo mgeni hulidharau hadi siku limwokoe: "Ukiona kitu fulani, jua umepita."

Natengeneza gemu ndogo za simu za RPG, zile ambazo mchezaji anakuwa mhusika ndani ya hadithi, na makosa yangu makubwa karibu yote yalitokana na kuusahau ufundi huo ambao kila mwendesha boda anao. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na ramani pana, hadithi ndefu, na mshale mwekundu unaomwonyesha mchezaji pa kwenda. Binamu yangu aliicheza jioni nzima akiufuata ule mshale kama mbuzi anayevutwa kamba kwenda Kibuye siku ya soko. Nilipomwuliza yule mama aliyekutuma ana shida gani, alicheka. "Mama gani?"

Basi huu ni mwongozo wa kuunda misheni moja kuanzia karatasi tupu hadi mtu wa kuijaribu, na namna ya kumwelekeza mchezaji bila kumvuta kamba. Ninaposema misheni nina maana ya kazi yoyote anayopewa mchezaji ndani ya hadithi. Ndivyo vijana wanavyoiita kwenye vibanda vya PlayStation. Mfano wetu utakuwa mmoja tangu mwanzo: karabai ya Dani.

Hatua ya 1: Karatasi moja, maswali manne

Acha kompyuta imezimwa. Chukua karatasi ujibu haya: Nani anataka? Anataka nini? Kwa nini leo? Na kwa nini asiende mwenyewe?

Wanaoanza hujibu mawili ya kwanza wakaona wamemaliza. Kumbe misheni inakaa kwenye mawili ya mwisho. "Bibi anataka karabai yake" ni orodha ya dukani. Sasa tuongeze. Bibi huyu, ambaye watoto wote wa Dunga wanamwita Dani, ana mwanawe anayevua omena usiku. Karabai huwekwa juu ya kielea, mwanga unawavuta omena, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, kwa hiyo wavuvi hungoja giza. Giza linaanza kesho. Mwanawe bila taa atakaa bure wiki nzima. Na Dani mwenyewe haendi kuitafuta kwa sababu aliyeichukua ni kijana waliyegombana naye, na mzee hawezi kumfuata mtoto kumwomba.

Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za sola, najua. Nimebaki na karabai kwa sababu inavuma, na kitu chenye sauti ni mali katika gemu. Utaona faida yake mbele.

Angalia pia kwamba haraka yetu haikuhitaji saa inayohesabu sekunde juu ya kioo. Mwezi unatosha. Lakini ukishamwambia mchezaji "kesho", timiza. RPG nyingi kubwa zina tabia hii mbaya: adui anatishia kuiangamiza dunia usiku huu, mchezaji anaenda kuvua samaki miezi mitatu, anarudi anamkuta adui palepale akingoja kama abiria wa matatu ambayo haijajaa. Kama huwezi kutengeneza matokeo ya kuchelewa, usiseme "kesho". Sema "kabla giza la mwezi halijaisha" umwachie nafasi.

Hatua ya 2: Chora hali, si hadithi

Kompyuta haijui hadithi. Inajua hali: misheni haijaanza, imepokelewa, kijana amepatikana, taa iko mkononi, imekwisha, imeharibika. Chora kila hali kama duara, chora mishale kati yake, na juu ya kila mshale andika kinachoihamisha. Kazi hii naifanya kwa penseli. Baadaye unaweza kuihamishia Twine, programu ya bure ya mwaka 2009 inayokuwezesha kuandika hadithi yenye matawi na kuicheza papo hapo bila picha hata moja. Gemu yenyewe unaweza kuijenga kwa Godot, ambayo pia ni bure kwa leseni ya MIT, maana yake ukiuza gemu yako hudaiwi senti.

Ukimaliza kuchora, geuka uwe mtundu. Jifanye yule mtoto wa jirani asiyekaa alipowekwa, ujiulize:

Itakuwaje mchezaji akiiona karabai kabla hajazungumza na Dani? Atazunguka ufuoni, ataikuta, ataichukua. Akija kwa Dani, kama hukuandaa mshale wa hali hiyo, Dani atamtuma kutafuta kitu ambacho tayari kimo mfukoni mwake. Weka mshale unaoruka kutoka "haijaanza" hadi "taa iko mkononi", na umpe Dani maneno ya siku hiyo: "Hii umeitoa wapi? Nimeilia siku tatu!" Mstari mmoja tu, na mchezaji anahisi gemu inamwona.

Itakuwaje akiiuza? Kuna njia mbili. Unaweza kumkatalia, na ni halali, ila mkatalie kwa sauti ya mtu: mwenye duka aseme, "Hii ni ya Dani, mimi sitaki maneno." Au umruhusu auze, kisha ainunue tena kwa bei ya kuumiza. Napenda ya pili. Inafundisha bila hotuba.

Itakuwaje akizungumza na mtu yuleyule mara ya pili? Hapa ndipo gemu nyingi ndogo hufa. Mchezaji amebonyeza haraka, hakusoma, amerudi kuuliza, na mhusika anamjibu "Habari ya leo." Kila mhusika aliyetoa maelekezo lazima aweze kuyarudia, na marudio yawe mafupi kuliko mara ya kwanza.

Halafu kuna la stima. Stima ikipotea katikati, gemu ya kompyuta inakufa pale ilipo. Simu nayo inaishiwa chaji. Gemu ihifadhi yenyewe kila hali inapobadilika. Usimwachie mchezaji kazi ya kukumbuka kusevu.

Hatua ya 3: Maneno ya anayetuma

Nitakaa hapa muda, kwa sababu hapa ndipo mwelekezo unapoanza, kabla ya mshale wowote na kabla ya ramani.

Rudi kwa yule mtu wa steji. Sikiliza anachofanya. Kwanza anakuanzishia mahali uliposimama wewe, si mahali anapopajua yeye. Pili anakupa alama inayoonekana kwa macho. Tatu anakupa mpaka: ukifika pale umepita. Nne anakupa wa kumwuliza ukipotea. Mambo hayo manne yakiwemo, mchezaji atafika hata ukimzimia ramani. Moja likikosekana, ndipo mshale mwekundu unapoitwa kuziba pengo.

Nilivyoandika mara ya kwanza:

"Tafuta karabai yangu. Iko kaskazini. Nitakupa shilingi 500."

Nani Dunga anasema kaskazini? Wavuvi hujua pepo na upande wa ziwa. Kaskazini ni neno la ramani. Hivi ndivyo Dani anavyosema sasa, mchezaji akiwa msichana anayeitwa Achieng':

"Nyathina, karibu ukae. Karabai yangu iko kwa yule kijana anayeshona nyavu. Ukitoka hapa, ziwa liwe mkono wako wa kushoto."

Kisha kisanduku cha pili:

"Pita wanapoanika omena, utaona mwembe umeinama kama unakunywa maji. Yuko nyuma yake. Ukifika kwa wanaoosha magari umepita. Ukipotea, waulize hao mama wa omena."

Ziwa likiwa kushoto, mchezaji hawezi kugeuka nyuma bila kujua. Kusikojulikana kote kumefungwa kwa sentensi moja. Mwembe ni mmoja tu ufuoni, na mchoraji wangu ameambiwa asichore mwingine hata kwa mapambo. Wanaoosha magari ndio mpaka. Na mama wa omena wamepewa maneno yao, kila mmoja tofauti kidogo: mmoja anaelekeza kwa ufupi, mmoja anamsengenya kijana, mmoja anasema tu "Songa mbele, karibu sana," naye ni mwongo kidogo kama sisi sote tunavyosema karibu.

Kuhusu lugha: mchezaji wa simu anasoma kioo kidogo juani. Mistari mitatu kwa kisanduku, basi. Heshima usiitupe ili kupunguza maneno. Achieng' hamwiti Dani "wewe bibi". Neno moja la Dholuo, kama hilo "nyathina" (mwanangu), linalotoka mdomoni mwa mtu wa Dunga halimpotezi msomaji wa Nakuru, mradi maana ibebwe na jirani zake. Mawili kwa mfululizo yataanza kumchosha.

Historia inatetea njia hii. Morrowind, RPG ya mwaka 2002, haikuwa na mshale wa misheni. Wahusika walieleza njia kwa maneno, nawe ukatafuta. Walioipenda wanaikumbuka hadi leo. Walioilaani nao walikuwa na hoja, maana baadhi ya maelekezo yale yalikosea. Iliyofuata katika mfululizo huo, Oblivion ya mwaka 2006, ikaweka dira yenye alama ya misheni. Watu hawakupotea tena, lakini waandishi wakapoteza sababu ya kueleza njia. Jaribu Skyrim, iliyokuja baada yake mwaka 2011, ukiwa umezima alama: mara nyingi mhusika anakutuma mahali bila kukuambia palipo, kwa sababu aliyeandika alijua mshale utasema kwa niaba yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: andika maneno kana kwamba mshale haupo. Mshale uje baadaye, kwa anayeutaka.

Hatua ya 4: Ardhi nayo iseme

Kisumu ina zawadi moja kwa mbunifu: ziwa. Ukipotea mjini unateremka. Mteremko unakupeleka majini, na ukigeuza mgongo unaona vilima vya Riat juu. Mtu mwenye mambo mawili makubwa ya kutazama, moja huku na moja kule, hapotei kabisa. Ipe ramani yako vitu viwili vya namna hiyo kabla hujachora nyumba hata moja.

Kwa ukubwa wa kati tumia kitu kama Kit Mikayi, yale mawe yaliyobebana kule Seme kwenye njia ya Bondo. Jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza, na mtoto akiliona kutoka mbali anauliza mwenyewe, "Kule kuna nini?" Hapo hukumtuma. Amejituma. Watengenezaji wa Breath of the Wild, gemu ya Zelda ya mwaka 2017, walieleza kwamba walijaza dunia yao maumbo ya pembetatu, vilima vikubwa kwa vidogo. Pembetatu hukufanya uchague kupanda au kuzunguka, na huficha kilicho nyuma yake hadi ukikaribie. Nilipoelewa hilo nilifuta uwanda mzima niliokuwa nimeuchora tambarare kama Ahero. Ahero ni pazuri kwa mpunga. Kwa mshangao, hapana.

Vizuizi navyo ni mwelekezo. Ukuta usioonekana ni tusi. Kizuizi kizuri kina sababu ambayo mkazi wa pale angeitaja. Katika misheni yetu, kijana wa nyavu amemwazima mtu karabai, na mtu huyo yuko upande wa pili wa ghuba. Achieng' anaukuta mtumbwi umezingirwa na gugu maji. Hawezi kupita. Lakini gugu maji huenda na upepo: mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani na kulisukuma ufuoni, usiku unageuka na kulirudisha. Hivyo mlango wetu unafunguka jioni wenyewe, na mzee aliyekaa kando ya mtumbwi anasema, "Ngoja upepo ugeuke." Mchezaji amepewa kizuizi, ufunguo na somo la jiografia, bila kibao kilichoandikwa "Umefungiwa". Na hapo ndipo karabai inaposaidia kwa sauti yake: kukishakuwa giza, anapiga kasia kuelekea kunakovuma.

Kama sehemu nzima ya ramani unataka ifunguke sura ya pili, tumia kalenda. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Anza gemu Juni, na hakuna atakayeuliza kwa nini hakuna mtumbwi wa omena wa kumpeleka kisiwani.

Hatari pia huelekeza. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 inakuanzishia kijijini, na Vegas iko upande wa kaskazini. Njia ya mkato imejaa majitu na nyigu wakubwa wanaokuua kwa pigo mbili tatu, kwa hiyo wengi huzunguka kusini, na kuzunguka huko ndiko kunakoisimulia hadithi. Hakuna ukuta. Shupavu akiweza kupenya, apenye. Elden Ring ya mwaka 2022 inafanya vilevile: unatoka tu mwanzoni unamkuta mpanda farasi wa dhahabu asiyekuwa kiasi chako. Anakufundisha kwamba kuzunguka si woga.

Mwanga, moshi, ndege wanaoruka, jogoo anayewika: vyote ni vidole vinavyoonyesha. Ghost of Tsushima ya mwaka 2020 hutumia upepo wenyewe kukuonyesha pa kwenda, majani yote yakilalia upande wa misheni. Mimi ningekuwa na mchoraji wa ziada ningefanya hivyo kwa moshi wa wanaokausha samaki.

Hatua ya 5: Daftari na alama

Daftari la misheni ni kwa ajili ya mtu aliyeacha gemu wiki mbili. Mtihani ndio huo tu. Alikuwa shambani, au ana mitihani, au bando limeisha. Anafungua. Je, anajua yuko wapi, anamtafuta nani, na kwa nini?

Daftari la Morrowind liliandika kila kitu kwa mpangilio wa siku, misheni zote zikiwa zimechanganyika, hadi nyongeza ya Tribunal ilipotoka mwaka huohuo na kuruhusu kuzipanga misheni moja moja. Kwa hiyo panga kwa misheni. Juu kabisa weka sentensi ya sasa, inayoanza na kitendo: "Ngoja jioni, kisha vuka ghuba ufuate sauti ya karabai." Chini yake weka maneno ya Dani kama alivyoyasema, ili atakaye kuyasoma upya ayasome. Iandike kwa nafsi ya Achieng' kama una moyo, ila isiwe shairi.

Alama juu ya kichwa cha mhusika, ile ya mshangao ya manjano iliyoenezwa na World of Warcraft ya mwaka 2004, ina kazi yake. Sokoni penye watu arobaini, mchezaji hana muda wa kusalimia wote. Lakini Dani haihitaji. Amekaa mlangoni mwake peke yake, ameshika tama, mbele ya kielea kisicho na taa. Asiyeona hapo, hata alama hataiona.

Wape watu chaguo. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 ilimwuliza mchezaji mwanzoni kama anataka kuonyeshwa mahali penyewe au apewe maelezo atafute. Fanya hivyo, na usimwite anayechagua mshale mvivu. Kuna anayecheza akiwa kwenye matatu, na kuna asiyeona vizuri. Hata Elden Ring, isiyo na daftari la misheni kabisa, wiki chache baada ya kutoka iliongezewa alama za wahusika kwenye ramani. Kama wao walilegeza, wewe nani?

Hatua ya 6: Siri moja, vidokezo vitatu

Wachezaji wa RPG za mezani wana desturi hii: kila jambo ambalo mchezaji lazima aligundue, lipe vidokezo vitatu. Cha kwanza hatakiona, cha pili atakielewa vibaya, cha tatu kitamfikisha.

Chukua kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa simulizi za Wajaluo. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ilidunda. Mke aliyeletewa kutoka kwa maadui aliambiwa siku moja amchanje amtie dawa alipougua, wembe ukakataa kwenye ngozi, akaambiwa achanje kivuli. Damu ikatoka. Siri ikavuja, na vitani akachomwa mkuki kivulini. Tuseme sasa unamtengeneza bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, wa namna hiyo, asiyeumia mwilini. Mchezaji atajuaje?

Kidokezo cha kwanza kiwe cha maneno: wanakijiji wanasema haonekani nje saa sita mchana, kivuli kinapokuwa kifupi. Hapana, ngoja, hicho nilikiandika kinyume. Kivuli kikiwa kifupi ndipo anapokuwa salama, basi yeye hupenda kupigana saa sita na hujificha jioni kivuli kinaporefuka. Ona jinsi kidokezo kinavyoweza kumpotosha hata aliyekitunga. Vijaribu kwa mtu mwingine. Kidokezo cha pili kiwe kitu: wembe uliokunjika, na tone la damu ardhini ambako hakuna mtu aliyelala. Cha tatu kiwe katika pambano lenyewe: mshale ukikosea ukatua kivulini, bosi analia. Cha tatu daima kiwe kitu kinachotokea, kwa sababu wako wasiosoma chochote, nao ni wachezaji wako.

Hatua ya 7: Uamuzi, ukiwepo

Si kila misheni inataka uamuzi. Ukiuweka, usiwe wa kubonyeza "wema" au "ubaya". Kule karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima, na simulizi yake inajulikana: bibi kizee alifika kijijini penye sherehe, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamkirimu, na usiku kijiji kikazama. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wanapimwa. Ndiyo nguvu yake.

Katika gemu, bibi anaomba maji wakati mchezaji ana haraka ya misheni nyingine. Basi. Ila uwe mwadilifu: kabla ya maji kufunika nyumba, mpe dalili. Mbwa wanahama. Kisima kinapanda. Bibi anamwambia yule mwenyeji mwema afunge virago. Adhabu isiyokuwa na dalili humfanya mchezaji aone gemu ina kasoro, naye atafungua upya alipohifadhi.

Malipo sitayasemea mengi. Pesa husahaulika. Dani akipata karabai, usiku ule mchezaji akitazama ziwani aone taa moja zaidi. Mwongezee na kilo moja ya omena akipenda.

Hatua ya 8: Mpe mtu, ufunge mdomo

Tafuta watu watano wasiokujua sana kama mbunifu. Mama wa kibanda cha chai anafaa kuliko rafiki anayetengeneza gemu. Wape simu. Keti nyuma yao. Usiseme neno. Wakikuuliza "Niende wapi?" jibu "Wewe unaonaje?" na uandike walikuwa wamesimama wapi walipouliza. Hili ni gumu kuliko kuandika programu ya gemu yenyewe. Mkono utakuwasha kuonyesha.

Andika mambo matatu tu: aliposimama, aliporudi nyuma, na alichosema kwa sauti. Mmoja akipotea mahali, labda ni yeye. Wawili wakipotea palepale, ni wewe. Na kabla ya kuongeza mshale, jaribu kwanza kusogeza kitu, kisha kubadilisha neno, kisha kumwongeza mtu wa kuulizwa. Mara nyingi kusogeza kunatosha.

Wachezaji wangu wawili walipita mwembe wakaenda hadi kwa wanaoosha magari, wakasoma moyoni "umepita", wakarudi. Nilifurahi kuliko kama wangefika moja kwa moja. Wa tatu aligeukia kulia tangu mlangoni, na nilipochunguza nikaona kosa: mlango wa Dani nilikuwa nimeuchora ukitazama barabara, kwa hiyo mtu akitoka ndani ziwa liko nyuma yake, wala si kushoto wala kulia. Dani alikuwa sahihi, nyumba ndiyo iliyokosea. Niliigeuza nyumba.

Sasa nachora misheni ya pili. Anayetuma ni yule mzee wa mtumbwi, kwa sababu wanne kati ya watano walirudi kuzungumza naye baada ya misheni kwisha, na hakuwa na la kuwaambia.